Kulanti ya Gari la Bibi Harusi

Jumapili, 17 Agosti 2025

Amekubali! Editha amekubali! Atatoka nyumbani kwenda kanisani ndani ya gari langu, si lile jeupe la kukodi lililopangwa na kamati. Gari langu jekundu la spoti, milango miwili, ambalo mama analiita "kibati cha Magreth". Nimeruka mpaka kandambili moja ikaingia uvunguni. Dada yangu wa pekee, halafu nimpeleke mimi mwenyewe.

Tatizo ni moja. Likikimbia, raha tupu. Likienda polepole, linachemka. Na msafara wa harusi tunaujua: tarumbeta mbele juu ya pikapu, mpiga video anatembea kinyumenyume, mwendo wa kinyonga kutoka Kilakala hadi kanisani. Mama kasema likizima njiani hatanisamehe mpaka anaingia kaburini. Nikamwambia sawa mama, hata mimi sitajisamehe.

Jumatano, 20 Agosti

Gereji kwa Fundi Hatibu. Kafungua rejeta — maji ya bomba matupu, yana kutu, rangi ya chai ya maziwa! Kumbe aliyeniuzia alikuwa anajazia maji tu. Feni nayo ilikuwa hoi, imebadilishwa.

Sasa kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ninunue ipi? Fundi anasema nichukue yoyote, zote zinapoza, na bora aing'oe kabisa themostati, ile ya kudhibiti joto la injini. Nikamwambia ukiigusa themostati yangu nalia hapa hapa. Kacheka mpaka kakaa juu ya tairi. Ananiita "mwalimu wa kemia" utadhani ni ugonjwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Duka la spea. Kijani, bluu, pinki, zimepangwa kama juisi za kipaimara. Muuzaji anadai rangi ni urembo tu, nichague ninayoipenda. Hapo kwenye rangi hajakosea sana — ila lebo je? Nimesimama kaunta nasoma dumu moja moja mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna. Injini yangu ni ya alumini, inataka ile ya kudumu muda mrefu, isiyo na silikati. Nikaipata, pinki! Na kopo dogo la kijani, kwa udadisi tu.

Nyumbani nimezichanganya kwenye glasi. Baada ya muda — uji wa ulezi, tena wenye mabonge. Editha kachungulia, kauliza kama hicho ndicho nitakachotia kwenye gari la kumbeba yeye na gauni lake. Tumecheka mpaka mama akaja kuangalia nani anapigwa.

Jumapili, 24 Agosti

Mjomba Wilfred kashuka kutoka Mgeta na dumu la maji ya mlimani, kalifunga nyuma ya bodaboda. Ya gari! Eti ubaridi wake unatosha, kulanti ni ujanja wa wenye maduka.

Shikamoo mjomba, asante mjomba. Nikamweleza kwa adabu kwamba maji hata yawe safi vipi yanaleta kutu, na yanachemka mapema kuliko kulanti. Akanuna. Eti nimesoma mpaka nayakataa maji yaliyonikuza. Editha ndiye kaokoa jahazi: kayachota, kachemsha chai ya tangawizi, kampelekea kwa magoti. Kikombe cha pili mjomba akakiri kuwa yangepotea bure mle kwenye gari.

Nitammisi huyu dada jamani. Nani atakuwa ananitoa kwenye kesi kama hizi? Faraja, bwana harusi, ni mtu mwema, sina neno naye. Ila Sumbawanga anakompeleka ni mbali.

Ijumaa, 29 Agosti

Tumeisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Nimemwaga pinki yangu taratibu, hewa nimetoa, mfuniko nimeubana mwenyewe. Kisha majaribio! Mimi na Editha, rola kichwani, tunazunguka mtaani mwendo wa bata. Majirani wanadhani tumepotea.

Mshale wa joto katikati. Haujatikisika! Nimeubusu usukani. Editha alikuwa anatazama nje dirishani. Nilipomuuliza akasema kachoka tu, harusi ina mambo mengi.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika kwenye simu. Msafara umesimama — mpiga video anataka milima ionekane nyuma ya tarumbeta. Gauni limejaa gari zima, limefunika hadi gia. Matroni kashuka kwenda kucheza na wenzake. Tumebaki wawili.

Tumetambaa kweli, na mshale uko katikati! Nimemwonyesha Editha, nikamwambia ona, ona kazi ya mikono yangu. Nilitaka anisifu.

Ameutazama muda mrefu. Halafu kaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hili gari haliwezi kuchemka hata kidogo.

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza, ni Faraja? Au ni Sumbawanga? Au ni mimi na mama?  Kaushika mkono wangu kwenye gia, viganja vyake vya baridi, na anatazama mbele.

Matroni anarudi mbio, viatu mkononi. Pikapu imeshaondoka. Nyuma wanapiga honi. Injini inanguruma vizuri kuliko siku zote, na mguu wangu bado uko kwenye breki.