Nilikwenda Bhaktapur Kutembea Tu

Brussels, Jumamosi, Novemba 1999. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu hautulii.

Nikiri hapa kwanza, kwenye ukurasa huu wa intaneti ambao nadhani unasomwa na binamu yangu wa Montréal peke yake: nilimdanganya mama. Nilimwambia naenda Liège, mji usio mbali na hapa, mafunzo ya wauguzi, siku kumi. Kumbe nilikwenda Nepal, kwenye mji wa kale wa Bhaktapur, katika bonde lililozungukwa na milima ya Himalaya.

Sikuwa na mtu kule. Ndiyo maana nilikwenda.

Tangu tutoke kwetu Likasi wakati wa vita, safari zangu zote zimekuwa za kukimbia, za kuzika au za kufuata karatasi. Nilipopata pasipoti ya Kibelgiji nilijiapiza kwamba muhuri wake wa kwanza hautakuwa wa msiba. Lakini nitamwambiaje mama, hapa mtaani kwetu Saint-Josse, kwamba nachukua likizo yangu nzima kwenda kutazama mji? Kwetu mtu hapandi ndege hivi hivi. Nikatafuta sababu, nikapata Liège.

Bhaktapur ni matofali mekundu kuanzia kutani hadi chini unapokanyaga. Nilifika wakati wa mavuno, kila uwanja mbele ya mahekalu umeanikwa mpunga. Siku ya tatu bibi mmoja, amevaa sari nyeusi yenye ukingo mwekundu, alinionyesha kwa mikono: kaa hapa, fukuza njiwa, narudi. Nikakaa kwenye ngazi za hekalu asubuhi nzima nikilinda mpunga wa mtu nisiyemjua. Hakuna aliyeniuliza nimekimbia vita gani. Aliporudi alinipa maziwa mgando matamu kwenye bakuli la udongo, akacheka alivyoona nalamba vidole.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Sasa balaa lenyewe. Kanisani kwetu anayerudi salama kutoka safarini husimama Jumapili mbele ya watu wote na kutoa ushuhuda. Mama, kwa kuyaonea fahari mafunzo yangu, ameniandikisha. Ni kesho, na wamama wa kwaya wameshachagua wimbo. Uongo wa nyumbani ningeweza kuuvumilia, nakiri. Lakini kushika kipaza sauti na kumshukuru Mungu kwa Liège, hapo siwezi.

Basi leo baada ya chakula nimelitoa lile bakuli sandukuni, nikaliweka mezani, nikamweleza yote.

Mama akauliza: « Kule nani alikufa? »

Nikasema hakuna.

« Kulikuwa mariage? »

Hapana, wala harusi.

« Alors, ulienda kufanya nini? »

Kutembea tu, maman.

Alikasirika, tena sana. Alisema nimemfanya mjinga mbele ya wenzake, na ana haki. Niliomba msamaha. Akaingia jikoni, akaosha vyombo kwa kishindo, hata sufuria iliyokuwa safi. Aliporudi, taulo begani, alilishika bakuli, akaligeuza chini juu.

« Zile njiwa, zilikula mingi? »

Nikamwambia chache tu, nilikuwa mkali. Akakaa.

« Miye sijaendaka fasi ya bure hata siku moya. »

Ana miaka sitini na minne. Hajawahi kwenda mahali kutembea tu.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Maneno nimeshayaandika kwenye kipande cha karatasi: nilidanganya, nilikwenda kutembea, nilifurahi, nimerudi. Mchungaji akinuna, anune. Mama amesema atasimama pembeni yangu, ingawa bado ana hasira, na amenitaka nilibebe bakuli walione.

Jumatatu naanza kushughulikia pasipoti yake. Mwakani mpunga utaanikwa tena, na wale njiwa ni wengi mno kwa mlinzi mmoja.