Ubao wa Drafti wa Okoth

Kisumu, Jumapili baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekuwa karibu ningekubusu mkono. Goti lako laendeleaje, na Mama bado akukataza kupanda ngazi? Nilitaka kukupigia kwa jirani, foleni ya kibanda cha simu ikanishinda. Mimi mzima, ingawa mvua za huku zimelowesha mbao na kazi imepungua.

Nina habari niliyotamani kukusimulia barazani. Nje ya karakana yetu hapa Obunga watu hucheza dama, ambayo wao huiita drafti, kwa vifuniko vya soda. Kila mtu anaupenda mchezo huo isipokuwa rafiki yangu Okoth, anayesuka viti ninavyounda. Okoth haoni tangu utotoni. Kila alipopapasa ubao, vifuniko vilihama, na Mzee Ouma, ambaye hapa hana mpinzani, akamwambia sheria ni moja: ukigusa, umecheza. Basi akaacha, akawa anakaa ndani peke yake wenzake wakicheka nje.

Siku moja akaniambia, "Mchezo mnaousifu hivi, mimi umenipa aibu tu. Afadhali nirudi kwetu Bondo."

Maneno yale yaliniuma, Baba. Nikachukua kipande cha mvule, nikachonga miraba myeusi iingie ndani kidogo ili kidole kiitambue. Kila mraba nikautoboa tundu kwa keekee, na kila kete nikaitia kijiti chini. Kete za upande mmoja ni za duara, za pili zina pembe. Kete ikifika mwisho wa ubao ikawa kingi, yaani mfalme, huvishwa pete ya kamba.

Kisha nikamwomba Mzee Ouma tukubaliane kwamba kete haijachezwa mpaka itoke tunduni. Akasema sawa, ila hatamhurumia mtu.

Okoth akajibu kutoka ndani, "Hata mimi sitakuhurumia, Mzee."

Mchezo wa kwanza alifungwa vibaya, na wa pili pia. Wa tatu vidole vyake vilitembea ubaoni taratibu mno, watu wakachoka kungoja, wengine wakaenda kununua samaki. Waliporudi, Mzee Ouma alikuwa na kete moja tu, imebanwa pembeni haina pa kwenda. Akampa Okoth mkono, akauliza nani amechonga ubao ule. Nikasema ni mimi, na nikakutaja wewe kwa jina, uliyenifunza kushika patasi. Siku ile nilijiona mrefu.

Jana Okoth alifungwa tena, wakamcheka kama wanavyochekana wote, bila kumwonea haya. Alikasirika kwelikweli, akapanga kete upya, akasema hakuna atakayekwenda kula mpaka alipize. Tukakaa na njaa zetu.

Nisalimie Mama, dada yangu Zuhura na mumewe, na shangazi Mwanaidi. Mwambie achari yake imeisha, na wageni wangu ndio walioimaliza.

Mungu akuzidishie afya.

Mwanao akukumbukaye,
Athmani