Invade, kwa Tafsiri ya Mjomba

Shoga, mama amerudi kutoka hospitali sasa hivi, amefura kwa hasira, hata viatu hajavua.

Si walikwenda na baba kuchukua majibu ya ule uvimbe wa baba? Daktari ni mgeni, anaongea Kiingereza tu. Mjomba, mwalimu wetu wa Kiingereza, akajipa kazi ya kutafsiri.

Wametoka nje, mama anauliza, "Kasema nini?" Mjomba anakohoa kwanza. "Ametumia kitenzi *invade*. Maana yake kuvamia. Jeshi huvamia nchi, mashabiki huvamia uwanja..."

UWANJA, shoga! Baba kashika ukuta.

Mama: "Kaka, uvimbe umevamia au haujavamia?"

Mjomba: "Subiri, dada. Tusichanganye na kushambulia. Anayeshambulia huweza kurudi kwao. Anayevamia huingia akakaa."

Akakaa! Mbele ya mgonjwa!

Mama akamwacha hapo hapo, akarudi kwa daktari bila hata hodi, akamkamata nesi amtafsirie. Nesi akasema, "Mama, uvimbe HAUJAVAMIA popote. Utatolewa, basi."

Baba kusikia hivyo, akalia kwa furaha katikati ya korido, watu wanapita.

Na mjomba je? "Mimi nilikuwa ndio nafika kwenye ukanushi."