Aliyenyamaza Jandoni

3 Februari

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu, na kwamba baridi ya huko bado haijakugandisha. Sisi huku hatujambo. Mimi binafsi sijambo kuanzia kitovuni kwenda juu. Kutoka hapo kwenda chini, tumwachie Mungu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu anaishika mwanao, huyu binti yangu, na mwanao ndiye ninayemsemea. Tangu mwezi uliopita mkojo unanisumbua. Nasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi, napata matone, narudi kwenye kochi la mteja, na kabla sijagonga msumari wa pili nimebanwa tena. Mkwe wangu, si unajua ni daktari hapa hospitalini kwetu, akasema ni tezi dume, wazee wengi wanayo, inapasuliwa na mtu anarudi nyumbani kwake. Nikakataa. Sasa mwanao analia asubuhi, analia jioni, hata chai yangu nainywa na machozi yake.

Mwambie aniache. Wewe ni mama yake mdogo, tena mkunga, atakusikia. Mwambie mkwe ni mkwe. Afadhali nife kuliko anifunue shuka. Na kama huko kuna vidonge vya kuzibua, nitumie.

Wako,
Shemeji Kimya


16 Februari

Shemeji yangu mkaidi,

Hujambo? Sisi hatujambo, wajukuu wanakusalimu, na magoti yangu yameanza kudai pensheni yao peke yao. Vidonge sitatuma. Mimi ni mkunga, siuzi dawa za kificho.

Nimempigia mwanao. Kuhusu mkwe umesema kweli, na yeye mwenyewe anaona haya kuliko wewe. Wamekubaliana atakaa kando. Kuna daktari mwingine kahamishiwa hapo juzi, mgeni kabisa, hamjui mtu na hakuna anayemjua. Huyo ndiye atakayekupasua. Mkwe atakuja kukuona baadaye, ukiwa umefunikwa mpaka kidevuni.

Haya, sababu imekwisha. Nenda. Mkojo ukirudi nyuma unaharibu figo, na figo hazina spea. Nimeshamzika dada yangu, sitaki kumzika na mumewe kwa ajili ya kuona haya tu.

Wako,
Shemeji


20 Machi

Shemeji,

Salamu. Hali yangu ni njema. Yako naijua, kwa sababu mwanao kaniambia yote. Tumbo lilivimba, ukajifungia chumbani na ufunguo, na daktari mgeni alipokufuata mpaka nyumbani ukamwambia kupitia dirishani kwamba umepona.

Barua hii ni fupi kwa sababu nina hasira. Habari ya mkwe nisiisikie tena. Unaogopa nini hasa? Niambie ukweli kabla sijakata tiketi nije kukuvua nguo mwenyewe.

Shemeji


2 Aprili

Shemeji yangu,

Salamu baada ya salamu. Barua hii ukishaisoma ichane.

Unajua kwa nini naitwa Kimya. Mji mzima unajua. Mwaka tulioingia jandoni watoto wote walilia, mimi peke yangu sikutoa sauti. Ngariba akanisifu mbele ya watu, baba akatembea kifua mbele mwezi mzima, na jina likanishika mpaka leo ninapoukaribia umri wa miaka sabini. Siku hizi watoto wanatahiriwa hospitalini, lakini bado wanaletwa kwangu kwanza niwape moyo.

Shemeji, sikulia kwa sababu sikukatwa.

Nilikuwa na surua. Asubuhi ile homa ilinipanda, sioni mbele, wakanilaza nyuma ya kibanda nipate upepo. Ngariba na msaidizi wake walikuwa wamegawana watoto. Kila mmoja akadhani mwenzake amenimaliza. Nilipozinduka nimevishwa shuka jeupe kama wengine, nimelazwa nao safu moja, tunalishwa uji. Wao wanauguza kidonda, mimi nauguza surua. Dawa kila mtu alijipaka mwenyewe. Mtu akiniuliza kama inauma, nilisema inauma, maana kichwa kilikuwa kinauma kweli. Nilikuwa mtoto, nikangoja mkubwa mmoja agundue. Hakuna aliyegundua. Siku ya kutoka nikabebwa mabegani huku naimbiwa. Wewe ungeanzia wapi kusema?

Huku kwetu unajua mwenye govi anavyosemwa. Akigombana na mtu, tusi la kwanza ni hilo. Mimi mwenyewe nimewacheka watu hivyo, nisije nikaonekana sicheki. Nikilazwa hapo, wauguzi ni vijana niliowapa moyo kwa mdomo wangu. Kesho yake nitapita sokoni kwa uso gani?

Sitaki kufa, shemeji. Naogopa kufa. Lakini kuchekwa nikiwa hai naogopa zaidi. Aliyejua ni dada yako peke yake, naye ameondoka na siri yangu.

Wako,
Shemeji


11 Aprili

Shemeji yangu,

Hujambo, pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikakaa, nikacheka mpaka mjukuu akaniletea maji. Nisamehe. Baada ya hapo nikalia kidogo. Miaka yote hiyo, kisa surua.

Sasa sikia. Dada hakuondoka nayo. Wiki ya pili ya ndoa yenu alikuja kunitembelea bwenini, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, akafunga mlango, akaniuliza kama mumewe ni mgonjwa. Nikamuuliza dalili. Akanieleza huku anaangalia ukuta. Nikamwambia mumeo haumwi chochote, wanaume wote huzaliwa hivyo. Akafikiri, akasema, "Basi. Lisitoke humu." Halikutoka. Nimekaa nalo miaka arobaini na mitano, nakutania kama kawaida, na sijawahi kukudharau hata siku moja. Ulipougua malaria ukapoteza fahamu, unadhani kwa nini alimfukuza chumbani hata mama yako mzazi? Ulikuwa unachungwa, shemeji, wala hujui.

Na hilo unaloliita aibu, ngoja nikuambie. Nimezalisha huku miaka mingi. Kitanda cha dirishani mama anauliza mtoto atatahiriwa lini, hata jina bado hajampa. Wa kitanda cha pili, ambaye kwao hawatahiri, akimsikia, anamkumbatia wake kama vile mwizi kaingia. Kila mmoja anamwonea mwenzake huruma, na wote wanampenda mtoto.

Jumapili wajukuu walinipeleka makumbusho. Kuna picha ya ukuta wa Wamisri wa kale, vijana wanatahiriwa wakiwa wamesimama, mmoja kashikwa mikono na mtu nyuma yake. Chumba cha pili wamejaa Wagiriki wa mawe, uchi wa mnyama, kila mmoja na govi lake na tena anaringa. Mjukuu akanisomea maelezo. Kwa hao aibu ilikuwa kichwa cha uume kuonekana. Kuna waliofunga ncha ya govi kwa kamba wakienda kwenye michezo. Na watu waliotahiriwa wakaishi katikati yao, wengine walitafuta waganga wa kuivuta ngozi irudi. Nikakuwaza wewe na ufunguo wako. Ungezaliwa kwa wale, anayejifungia chumbani angekuwa ngariba. Hata madaktari, wala si zamani sana, walikuwa wakiwakata watoto wakidai inatibu wazimu na kukojoa kitandani. Ngozi ni ile ile. Maneno ya watu ndiyo yanayohama.

Nenda hospitali. Nimewafundisha wauguzi, nawajua. Na akitokea mmoja mwenye mdomo, mji utacheka wiki moja kisha utapata kingine cha kucheka. Mwanao ukimwacha yatima atalia mpaka lini?

Nakungoja.

Shemeji yako


29 Mei

Shemeji yangu wa pekee,

Nimekojoa.

Naanza na hilo, salamu zitafuata. Walipoutoa ule mpira wa mkojo nilikwenda chooni kwa miguu yangu, nikakojoa kama bomba la mtaani lililopasuka. Nikasimama tu nasikiliza. Mwanao alikuwa nje ya mlango, akasikia, akapiga kigelegele. Mkwe akajifanya anatafuta funguo za gari. Sasa niko nyumbani, nakula, nalala mpaka asubuhi, na makochi ya watu yananingoja. Wewe hujambo? Magoti je?

Nilikwenda siku barua yako ilipofika, kabla moyo haujageuka. Muuguzi aliyekuja kuninyoa ni kijana wa jirani, niliyempa moyo mwenyewe siku yake. Nikafumba macho. Akafanya kazi yake, akanifunika, akasema, "Tayari, mzee. Nikuongezee blanketi?" Ikawa basi. Nimejificha umri mzima, nikaishia kuletewa blanketi. Jana kaja kuchukua stuli ya mama yake, akaniita Mzee Kimya kama kawaida, akalalamika kwamba kitambaa hakifanani na alichochagua.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, yule daktari mgeni alikaa kitandani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ukishachomwa sindano ya mgongo hutasikia kitu. Ukitaka, tunakutahiri hapo hapo. Wengi wa umri wako huomba, na nje hakuna atakayejua."

Shemeji, maisha yangu yote nilitamani mtu aniambie maneno hayo. Bila ngoma, bila watu. Ningetoka pale nimekuwa kweli yule anayesifiwa. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

Nikamkumbuka dada yako. Sijui kwa nini alinijia akiwa anakunja mashuka, hana haraka na mtu.

"Hapana, daktari," nikamwambia. "Mke wangu alinikuta hivi. Atanikuta hivi hivi."

Akanitazama, akanigusa bega, akaenda kunawa mikono.

Ni mimi,
Shemeji yako