Tendo la Dharura Ulilolitunza Mwaka Mzima

Kyalo, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimeusoma ujumbe wako. Tumeusoma sote, maana uliutuma kwenye kundi letu la mchezo wa Jumamosi badala ya kunitumia mimi. "Narudi Sydney December, guys. Niwekeeni kiti changu. Ngao Kuu bado yuko hai, si ndiyo?" Halafu chini yake, kana kwamba unaongeza chumvi kwenye sahani ya mtu mwingine: "Na wewe Goreth, acha drama, tuanze upya." Basi kwa kuwa umenisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Dada Wambui amesema niandike, na Deo ameahidi kusoma mara mbili.

Mchezo huu ulinifundisha wewe mwenyewe, na hilo ndilo linalonichekesha. Tulikuwa kwenye treni tukitoka Liverpool, hii ya hapa Sydney. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka baada ya kuwaogesha na kuwavalisha wazee tangu alfajiri. Ukatoa mfukoni dadu ya kijani yenye pande ishirini, ukaniwekea kiganjani, ukasema ni zawadi. Ukanieleza kwa subira nzuri kwamba hadithi tunaitunga kwa mdomo tukiwa tumekaa mezani, lakini vita ina utaratibu wake. Zamu yako ikifika una mwendo, yaani hatua chache za kusogea. Una tendo kuu, la kupiga upanga au kutamka uganga. Una tendo dogo, kama kumeza dawa au kuchomoa kisu cha pili. Halafu ukainua kidole kama mchungaji anayefika penyewe: "Na kuna la nne, babe. Tendo la dharura. Hilo unalitumia kwa zamu ya mtu mwingine."

Nilipenda hilo la nne kuliko yote. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Tanzania, mahali ambapo mtu akipiga yowe majirani hutoka kabla hawajavaa viatu. Nikaona mchezo huu umetungwa na watu wenye akili. Nikakuona na wewe una akili. Nilikuwa mgeni wa mambo mengi wakati ule.

Mhusika wangu akawa Bibi Mvua, mganga mzee mwenye pumzi fupi na dawa nyingi. Ulimchora wewe, na kilemba chake, na fimbo yake, na ukampa pua ya mama yangu. Ile picha bado ninayo. Wako alikuwa askari wa deraya ya chuma uliyempa jina la Ngao Kuu, na hukuona haya. Uwezo wake mkubwa kuliko wote uliitwa Kusimama Mbele: mwenzako aliye hatua moja kando yako akishambuliwa, unatoa tendo lako la dharura, unaingia kati, na pigo linakuwa lako. Masharti yake ni mawili tu. Useme kabla dadu haijarushwa. Na usipolitumia, linapotea. Zamu yako ikirudi unapewa jingine. Hayalimbikizwi. Hayawekwi kwenye friji.

Mwaka mzima, Kyalo. Kila Jumamosi alasiri kwenye gereji ya Dada Wambui pale Quakers Hill, yeye kiongozi wa mchezo bado na sare yake ya unesi, sisi watatu tumezunguka meza ya plastiki. Unajua desturi yake. Adui akitaka kupiga, anafumba dadu kwenye ngumi, anatutazama mmoja mmoja, anauliza kama mwenyekiti wa kikao: "Kuna mtu ana neno?" Deo alichomwa mishale akiwa ubavuni pako, akang'atwa na mbwa mwitu, akaunguzwa na mchawi. Wewe ulikuwa unahesabu kwa vidole halafu unatikisa kichwa. "Naliweka," ulisema. "Just in case."

"Wee Kyalo," Wambui alikuambia siku moja, "kwani hiyo reaction yako ya dharura ni super ya pension? Unangoja u-retire ndio uitoe?"

Tulicheka, na mimi mjinga nilicheka kuliko wote. Ningepaswa kujua, maana hata nje ya mchezo ulikuwa hivyohivyo. Unaikumbuka ile mvua ya stesheni? Ulikuwa na mwavuli mpya ndani ya begi, bado una lebo ya dukani, na tulilowa sote wawili hadi soksi kwa sababu ulisema ile haijawa mvua ya kufungulia mwavuli. Nilidhani ni uangalifu. Nilimwambia Mama nimepata mwanamume mwangalifu.

Halafu likaja jitu la darajani. Mzunguko wa kwanza lilimpiga Bibi Mvua bumbuwazi, na kanuni ya bumbuwazi haina utata: aliyepigwa hana mwendo, hana tendo kuu, hana dogo, hana la dharura. Anasimama tu kama nguo kwenye kamba. Anayeweza kumwokoa ni yule aliye kando yake, na kando yake ulikuwa wewe, bila hata mkwaruzo. Wambui akafumba ngumi. "Kuna mtu ana neno?" Nikakutazama. Ukatazama karatasi yako ya kuandikia majeraha. Akauliza tena mara ya pili, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote. Dadu ikaanguka kwenye ishirini na Bibi Mvua akafa. Hapo ndipo sauti yako ilipotoka: "Ah! Ningejua ni ishirini ningeingia."

Ningejua! Kanuni yote imewekwa kwa sababu hujui, bwana. Anayejua kwamba pigo ni dogo hahitaji ushujaa, na anayengoja aone kwanza kama ni kubwa ni mtazamaji tu, hata akivaa deraya hadi kwenye kope.

Nilitokwa machozi, mtu mzima mimi, nikimlilia mganga wa karatasi. Ukanifuta kwa kitambaa cha mezani. "It's just a game, babe." Nikakubali. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kuwa mwoga wa dadu na bado akawa mwanamume wa kutegemewa sebuleni kwa watu.

Wiki mbili baadaye ukanipeleka sebuleni. Kwa mjomba wako, kule mtaa wa Minto, nikatambulishwe. Nilivaa kitenge alichonishonea Mama, nikabeba sambusa, nikapiga magoti kidogo nikisalimia kama nilivyofunzwa. Mjomba akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia wazazi ni wa Burundi, mimi nimezaliwa kambini, tukaletwa huku nikiwa darasa la nne. Akacheka akikutazama wewe, kana kwamba mimi ni kikombe.

"Sasa Kyalo, wazee wakienda kuomba huyu msichana, watapiga hodi wapi? Kwa tent? Hawa watu wa camp hawana kwao. Hata kaburi la babu la kutuonyesha hawana." Watu wakacheka ndani ya vikombe vyao. Naye akazungusha macho chumbani, akauliza, "Ama kuna mtu ana neno?"

Niliganda. Sikuweza kunyanyuka, sikuweza kujibu, hata kikombe sikuweza kukiweka mezani. Babu yangu alizikwa nyuma ya zahanati ya kambi na nilikuwepo, lakini ulimi haukuinuka kusema hivyo. Goti lako lilikuwa limegusana na goti langu. Nikangoja. Nakuapia nilingoja kama sijawahi kungoja kitu maishani. Na wewe ukachovya andazi kwenye chai. Ukalichovya mpaka likakatikia ndani, kisha ukaanza kulitafuta kwa kijiko.

Garini ukapata sauti, kama kawaida yako. "Uncle alizidi. Ningejua imekuuma hivyo ningemwambia kitu."

Nikakuuliza ulikuwa unalitunza kwa ajili ya nani. Ukadhani nazungumzia mchezo! Ukaanza kunieleza habari za jitu, kwamba lingeweza kukugeukia wewe mzunguko unaofuata. Nikashuka Liverpool kwenye taa nyekundu, na pete nikaiacha penye kishikilia vikombe. Mwezi haukuisha ukapata kazi Perth, na watu ukawaambia Goreth anapenda drama.

Nilikupenda, na siogopi kuliandika mbele ya Deo. Nilikupenda hata siku ile nikishuka garini, na kwa miezi kadhaa kila gari la rangi ile lilinigeuza shingo. Lakini sikuchukii, usijipe sifa hiyo. Kuchukia kunamgharimu mtu tendo kuu, nami matendo yangu makuu yana kazi nyingine. Ninachokuonea ni dharau, na dharau hainichukulii hata tendo dogo.

Sasa nikujibu ulichouliza. Tangu uondoke, Mama hunifuata Quakers Hill siku za Jumamosi. Akimaliza usafi hospitalini hupanda treni na bakuli la maharage, maana haamini kwamba Wambui anatulisha. Mwezi uliopita Wambui akamwambia, "Mama, usisimame hivyo, kiti si kiko empty?" Akakaa kwenye kiti chako. Mbele yake ilikuwa karatasi ya Ngao Kuu, safi kama shuka la hoteli. Nikamweleza matendo manne kama ulivyonieleza mimi, na akanisikiliza akimenya chungwa.

"Hii ya nne," akaniuliza, "ninaifanya wakati gani?"

"Akipigwa mtu wa karibu yako, Mama. Mara moja tu."

"Halafu inaisha?"

"Inarudi zamu yako ikifika."

"Ah bon," akasema, yaani kumbe kwa Kifaransa chake. "Basi iko mingi."

Mshale wa kwanza ulikuwa mdogo kabisa, wa kumkwaruza Deo. Wambui hajamaliza swali lake, Mama akapiga meza: "Unipige mimi!" Deo akamwambia kwa upole, "Mama, hii ni kidogo, tunza." Akamtazama Deo kwa mshangao. "Nitunze ya nini? Si inarudi?" Na kila mzunguko akafanya hivyohivyo. Alimkinga Deo, akanikinga mimi na mhusika wangu mpya, akataka kumkinga hata punda wa mizigo, tukashindwa kumzuia kwa kicheko. Ngao Kuu wako, ambaye hakuwahi kujua damu yake ina rangi gani, alijaa majeraha kuliko kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwanafunzi.

Kisha tukafika tena darajani, maana Wambui hasahau. Jitu lilelile. Likanipiga bumbuwazi, likainua rungu. Mama akasimama kwenye kiti chako, na chungwa mkononi. "Mimi! Mimi niko hapa!" Dadu ikaanguka kwenye kumi na tisa.

Wambui akachora mstari mwekundu kwenye karatasi. Mama akatutazama.

"Amekufa?"

"Amekufa, Mama."

"Na wewe uko muzima?"

"Mzima."

"Bon," akasema, akailaza karatasi yako kando ya bakuli la maharage. "Nipe ingine."

Kwa hiyo kiti kina mtu, Kyalo, na Ngao Kuu hayupo. Alikufa akiwa mbele yangu. Ukae salama huko Perth. Mwavuli wako ulibaki kwangu. Leo kuna manyunyu tu, nami nimeufungua.

Ni mimi Goreth, niliyekuwa hatua moja kando yako.