R Yenye Mkia

Jumatano, 9 Julai 1975. Karema

Nimeosha brashi, nimezianika dirishani kwa dada Sesilia. Likizo gani ya kubeba brashi. Mwandika vibao haponi.

Nimepita kanisani. Watakatifu wa ukutani bado wapo, ila Yosefu amebabuka uso. Bruda aliyenifundisha herufi hapa misheni alishakufa. Alikuwa akinichapa vidole kwa rula: "R haina mkia, si ngedere." Nikaendelea kuipa mkia. Mpaka leo ndiyo alama yangu, Mpanda nzima wanaijua.

Ziwa limerudi nyuma. Mchanga mweupe, dagaa wameanikwa mpaka karibu na boma la zamani. Pazuri. Lakini upepo wa kusini hautulii, na mimi siupendi.

Mguu wa mpwa wangu Anjela umezidi kuvimba. Jumapili baada ya misa dada anampeleka hospitali, Kigoma, kwa boti mpya ya Sadoki. Huyo Sadoki ndiye anayempa dada kazi ya kuanika dagaa. Ameniomba niandike jina la boti: NEEMA. Nimekubali haraka. Majivuno tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwangua ubavu wa boti tangu asubuhi. Si mpya hata kidogo. Bluu, chini yake kijani, chini yake nyeupe. Kwenye nyeupe, herufi. S. U. B.

Nikaacha. Nikavuta sigara mbili. Nikaendelea.

R ina mkia.

Niliiandika mimi, miaka minne iliyopita, ufukweni hapa hapa. SUBIRA. Mwaka uliofuata ilizama na watu tisa, shemeji Gaspari, mume wa dada, akiwa mmoja wao. Tuliambiwa imekwenda chini yote. Hatukuzika mtu.

Nimeipaka bluu upesi. Woga.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeingia ndani ya boti kuangalia. Chini, karibu na mkuku, ule uti wa boti, kuna ufa mrefu kama mkono wangu, umezibwa kwa pamba na lami. Nikabonyeza kwa kidole. Lami ikabonyea, na ubao nao ukabonyea.

Nikamwendea Sadoki. Hakukana. Aliinunua ng'ambo, Zaire, ilikookotwa. "Ubao hauna kosa, fundi. Kosa lilikuwa la upepo." Halafu, polepole: "Kwani dada yako anaanika dagaa wa nani?"

Nikaokota brashi zangu, nikaondoka. Najichukia.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Kumbe kaoa dada yake Sadoki. Akanipa chai. "Nyie wa Mpanda mnapenda maneno. Si umekuja likizo? Pumzika."

Jumamosi, 12 Julai

Nimeandika NEEMA. Imetoka vizuri, na hilo linaniuma zaidi.

Wanakwaya wanane nao wanapanda kesho. Dada amefunga mizigo tayari. Alikuja kuangalia herufi, akasema, "Mdogo wangu, mkono wako haujafa. Gaspari angefurahi." Migebuka aliyonipikia imenishinda kula.

Nikimwambia abaki, atabaki yeye na Anjela. Wale wanane je? Nikiwaambia wote, ni neno langu dhidi ya la Sadoki, na balozi ni wake.

Upepo umeongezeka.

Jumapili, 13 Julai

Nimesema tumbo linanisokota. Wote wakaenda misa, Sadoki mbele kabisa, na koti.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Kitambaa, mafuta ya taa. NEEMA ikatoka yote. Nikaandika jina la kwanza palepale lilipokuwa, kubwa kuliko zamani, na mkia wa R nikauvuta mpaka chini kabisa. Watu wanatoka misa, mimi naosha brashi.

Wakashuka na mizigo wakiimba. Wimbo ukakatika kwa waliotangulia, kisha kwa waliofuata. Mama mmoja akatua kikapu chake mchangani. Hakuna aliyeuliza kitu. Karema nzima inalijua jina lile.

Dada akasogea, akaweka kiganja kwenye ubao. Akakaa hivyo muda mrefu. Akanitazama. Hakulia. Akamshika Anjela mkono, wakarudi nyumbani polepole, kwa ule mguu.

Hakuna aliyepanda. Sadoki aliutazama mkia, akanitazama mimi. "Umenimaliza, fundi." Nilikuwa nimeogopa sana.

Jumatatu, 28 Julai. Mpanda

Nimeandika kibao cha seremala. R nimeiacha bila mkia. Mwenyewe hakuridhika, akasema haifanani na kazi yangu.

Barua ya dada imefika kwa lori. Dagaa hapewi tena, sasa anapalilia mihogo ya jirani. Hanilaumu, au hajaandika. Mguu wa Anjela bado. Mwezi ujao atatafuta boti nyingine ya kwenda Kigoma.

Sadoki ameondoka na chombo chake alfajiri moja, kuelekea kaskazini. Inasemekana huko kapata fundi mwingine, kapaka upya yote. Jina jipya hakuna anayelijua.

Nimemjibu dada mistari miwili. Dada, kabla hujapanda, gusa ubavu wa boti. Kama rangi inashika kidole, rudi nyumbani.