Kidole cha Choki

Jumatatu, 3 Juni

Kiki thelathini na mbili. Nimehesabu. Pikipiki ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Baridi asubuhi hii, na kichuma cha choki, cha kusaidia injini ya baridi iwake, hakikai juu — springi yake ilikufa zamani, ukikiachia kinateremka chenyewe kabla injini haijashika. Lazima mtu akishikilie. Mtu huyo ni mke wangu. Mimi juu napiga kiki, yeye kachuchumaa upande wa kushoto, kidole gumba kwenye kichuma, kafumba macho, anasikiliza. Ikiwaka anangoja ipate moto kidogo, anashusha nusu. Anangoja tena. Anashusha yote. "Haya baba, nenda." Miaka kumi na tisa hivyo. Sasa hayupo.

Leo nimekwenda kusoma mita za maji kwa miguu. Nyumba arobaini na moja badala ya tisini. Nyayo zinawaka moto.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga kichuma kwa kipande cha tyubu. Kiki ya nne ikawaka! Nikageuka nimwambie mtu — hakuna mtu. Halafu fundo likagoma kufunguka, choki ikabaki juu, moshi mweusi ua mzima, injini ikagugumiza weee, ikazima. Plagi imelowa chapachapa. Jirani kachungulia juu ya ukuta, eti nachoma takataka? Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 6 Juni

Binti kapiga simu. Eti nimekula nini. Nikasema nimekula. Akauliza nilimwambia nini mama yake. Nikasema maneno ya kawaida tu, ya mke na mume.

Uongo. Wiki iliyopita shemeji, kaka yake mke wangu, alikuja kututembelea. Chai ikaletwa. Akamsifu dada yake kwa jinsi anavyoishika nyumba. Mimi nikaropoka: "Huyu? Kazi anayoijua humu ndani ni kushika choki." Nilitaka wacheke. Shemeji aliangalia kikombe chake. Mke wangu akakusanya vyombo, akaviosha, akavipanga. Asubuhi akashika choki kama kawaida, akashusha nusu, akashusha yote. Ila hakusema "haya baba, nenda". Nami, bwege, sikuliona hilo mpaka nilipofika kona ya pili. Jioni sikumkuta. Yuko kwa dada yake. Leo siku ya saba.

Ulimi hauna mfupa. Wangu hauna hata adabu.

Jumapili, 9 Juni

Kimya. Redio nimeiacha iongee peke yake jikoni.

Nimekuta kitambaa chake cha kufutia kidole, kwenye msumari nyuma ya mlango. Bado kinanuka petroli. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema. Hicho chake kimenipeleka kazini miaka yote. Kitambaa sijakifua. Nimekirudisha msumarini.

Jumatano, 12 Juni

Mkubwa wa kazi kasema nikichelewa tena ni barua ya onyo. Nikasukuma pikipiki mpaka kwa fundi. Kainama, kacheka. "Mzee, ni springi tu hii, haizidi ukucha. Miaka yote mlikuwa mnashikilia kwa mkono?" Kaweka mpya kabla chai yangu haijapoa. Sasa ukiinua kichuma kinasema tak, kinakaa.

Nikamlipa. Ningemwambia nini? Kwamba ningeweza kuitengeneza tangu binti yuko darasa la kwanza? Kila nikipanga kwenda, nasema wiki ijayo. Zile dakika mbili za asubuhi ndizo tulizokuwa tunakaa karibu bila kugombana. Leo ndiyo nimelijua hilo, nimekaa kwenye ndoo ya fundi.

Alhamisi, 13 Juni

Imewaka kiki ya kwanza. Juu, nusu, chini. Peke yangu. Nilifika kazini mapema, mlinzi hajafungua geti. Sijawahi kuwa mpweke hivi.

Ijumaa, 14 Juni

Kapiga simu mwenyewe. Kesho anakuja kuchukua cherehani yake na nguo zilizobaki. Mzigo mzito, nimfikishe stendi kwa pikipiki. Nikasema sawa. Sawa tu! Nimepiga deki mara mbili.

Halafu nikachukua koleo nikaing'oe ile springi. Nikachuchumaa pale anapochuchumaa yeye. Nikaona huu utoto. Nikarudisha koleo.

Jumamosi, 15 Juni

Amefika saa mbili kasoro. Salamu, habari za huko, basi. Nikatoa pikipiki. Kabla sijapiga kiki, naye bila kuambiwa kaweka mkoba chini, kachuchumaa kushoto, kainua kichuma kwa kidole. Tak. Kikakaa chenyewe.

Akakitazama.

"Umetengeneza."

Nikasema fundi, springi ndogo tu.

"Kumbe ilikuwa inatengenezeka."

Akasimama, akajifuta kidole kwenye kanga. Kilikuwa safi. Nikapiga kiki moja, ikawaka. Nikasema nafuata kamba ya kufungia cherehani.

Niko chumbani. Kamba ninayo mkononi, na naandika kwa sababu miguu imekataa kutoka. Nilipaswa kumwambia: nilikuvunjia heshima mbele ya kaka yako, nisamehe mke wangu. Tena kwamba choki niliiacha mbovu kwa sababu ya zile dakika mbili. Maneno yenyewe machache.

Na choki nimeiacha juu. Kusahau au makusudi, sijui.

Injini inagugumiza. Moshi unaingia dirishani. Dakika moja hivi itazima.

Mlio umebadilika. Mtu ameshusha nusu.

Anangoja.

Ameshusha yote. Inanguruma taratibu, safi.

Hajaita. "Haya baba" sijaisikia. Naweka kalamu, natoka nikamwambie. Kamba naiacha hapa kitandani.